Nilifikiri Mzee Anajua

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa kuingia kazini, Mombasa

Assalaamu alaykum. Na wale wa Bwana asifiwe, asifiwe. Walimu wetu, wazazi mliokuja, na nyinyi wanangu ambao siku hii ni yenu, nawashukuru kwa kunialika. Kwenye ratiba nimeandikiwa nusu saa, na mada ni "Stadi za kijamii na mawasiliano katika kuajirika kwa wahitimu". Mada imevaa suti kabisa hiyo. Mimi ni mtu wa forodha. Kazi yangu ni kutoa mizigo Kilindini na kuingiza mingine melini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipokea vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wa mafunzo ya kazini, nikisaili wanaoomba kazi, nikifunza wanaobaki. Kwa hiyo nitasema ninayoyaona ofisini, pamoja na utafiti mchache ninaouamini kwa sababu unafanana na ninayoyaona.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Mkisikia "mawasiliano", wengi wenu mnafikiria Kiingereza. Kijana wa Kisauni au wa Likoni anaingia kwenye mahojiano akiwa ameshajihukumu kwamba yule wa Nairobi aliyekaa kando yake anachapa ung'eng'e na yeye hawezi. Kiingereza kinahitajika, sitawadanganya. Hati zetu nyingi ni za Kiingereza, na barua ya hovyo kwa kampuni ya meli itakurudia. Kifanyieni kazi. Lakini katika vijana ambao sikuwaongezea mkataba baada ya miezi mitatu ya majaribio, sikumbuki hata mmoja aliyeondoka kwa ajili ya Kiingereza. Wengi waliondoka kwa ajili ya kunyamaza.

Nieleze. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama baharini zinataka kila kontena lenye mzigo linalosafirishwa liwe na uzito uliothibitishwa kabla halijapakiwa. Uzito haujathibitishwa, kontena halipandi meli. Sababu inaeleweka: kontena likitajwa kuwa jepesi kuliko lilivyo, likapangwa juu ya mengine, mrundo unaweza kuporomoka na meli ikayumba, na watu wakapoteza maisha. Basi kontena la chai linatoka ghalani Shimanzi, linapita kwenye mizani, mizani inatoa risiti, karani anajaza fomu, na fomu inatumwa kwa kampuni ya meli. Ni kazi ndogo, watu wanaifanya huku wakinywa chai ya tangawizi.

Kijana wetu mmoja wa atachimenti alipewa kazi ya kupanga karatasi hizo kwenye faili. Kijana mzuri, ana adabu, anafika saa moja na nusu asubuhi, shati limepigwa pasi. Siku hiyo risiti ya mizani ilisema kilo 24,180. Fomu ikasema 21,480. Aliyejaza fomu ni karani wa siku nyingi, mzee ambaye ofisi nzima inamwamkia shikamoo. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi mkononi mwake, basi. Kijana akaziona. Akasoma tena. Kisha akatoboa karatasi matundu, akazifunga kwenye faili, akalirudisha faili kabatini.

Hitilafu ilijitokeza baadaye, hesabu zilipolinganishwa. Kontena halikupanda meli ile. Likangoja nyingine, na kungoja bandarini kunalipiwa. Mnunuzi huko Karachi naye alikuwa ameshawaahidi watu wake. Nilipomuuliza yule kijana kama hakuziona zile namba, alinijibu kwa upole kabisa: "Niliziona. Nilifikiri mzee anajua."

Jibu hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Nilifikiri mmeshaambiwa. Niliogopa kukusumbua. Sikutaka nionekane mjuaji. Linaloniuma ni kwamba wanaosema hivyo si watoto watukutu, ni waliolelewa vizuri. Nyumbani wamefunzwa kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Shuleni wamekuta darasa zuri ni lile lililonyamaza, mpaka kuna kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele. Wakija chuoni wanalisoma somo la stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, mamia ya watu kwenye ukumbi mmoja, na mwisho wa muhula wanafanya mtihani wa kuandika: taja na ueleze sifa tano za msikilizaji mwema. Mtu anapata alama ya juu katika mawasiliano bila kufungua kinywa muhula mzima.

(Kicheko.)

Walimu mnisamehe, lakini mnacheka kwa sababu mnalijua. Serikali yenyewe imelijua. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa 2017, umeorodhesha umilisi wa msingi saba, na wa kwanza kabisa ni mawasiliano na ushirikiano. Wadogo zenu huenda wakaja na midomo iliyozoea. Nyinyi mliopita mfumo wa zamani wa 8-4-4 mnalazimika kujifunza wenyewe, na muda uliobaki ni mfupi.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mkawe na mdomo. Anayemkatiza mkubwa mbele ya mteja sitamweka hata wiki. Ninachosema ni kwamba adabu yetu ya Pwani ina njia za kumwambia mtu mzima jambo zito bila kumvunjia heshima, nanyi mmeziona maisha yenu yote. Wazee wakienda kuposa huzunguka: salamu, hali, mvua, habari za jamaa wa Lamu. Lakini hawanyanyuki mkekani kabla ya kusema kilichowaleta. Kijana wetu alikuwa na salamu zote. Kilichobaki tumboni ni ujumbe wenyewe.

Angeweza kusema nini? Hebu sikilizeni. "Mzee, shikamoo. Samahani, nisaidie hapa kidogo. Risiti ya mizani naona inasema 24,180, na kwenye fomu nasoma 21,480. Ni mimi sijaelewa, au kuna tarakimu imeruka?" Hakuna aliyetukanwa hapo. Kijana amejiweka yeye kuwa asiyeelewa, kwa hiyo mzee ana pa kupitia. Namba zote mbili zimetajwa, kwa hiyo mzee hahitaji kuhojiana naye, atatazama karatasi tu. Na limeulizwa kabla ya fomu kutoka, wakati kulirekebisha ni suala la kalamu. Hata kama mzee angekuwa sawa, kijana angekuwa amejifunza jambo na mzee angekuwa amejua kwamba huyu mtoto anasoma anachokifaili. Nawaambia kwa uzoefu: kijana wa namna hiyo hutafutiwa nafasi hata pale ambapo nafasi haipo.

Habari mbaya ndiyo inayotaka ujasiri zaidi. Chukueni kuchelewa. Mmoja anakaa Likoni, feri imesimama, watu wamejaa hadi barabarani. Anaona aibu kupiga simu, anaomba Mungu mambo yaende, anaingia ofisini saa tatu kasorobo akinyata kama paka. Mwingine yuko kwenye foleni ileile, saa moja na dakika arobaini ananitumia ujumbe: "Bi, feri imesimama, niko upande wa Likoni. Nadhani nitafika saa tatu kasorobo. Ankara ya mteja wa Kampala iko kwenye trei ya juu, Salma anaweza kuituma." Wote wawili wamechelewa sawasawa. Wa pili hajanipotezea kitu, na mteja wa Kampala hakujua hata kwamba kuna feri. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema kila siku kwenye barza, halafu tukifika ofisini tunaficha.

Kwa kuwa tumegusa ujumbe wa simu, nitoe la moyoni. Mtu anapata namba yangu, sijui kaipata wapi, saa tano usiku ananitumia "Hi". Basi. Anangoja. Asubuhi nikimjibu "Hujambo, nikusaidie nini?" ananiandikia "Poa". Mwanangu, mimi nina meli. Sema wewe ni nani, nani kakupa namba, unataka nini, na umeambatisha nini, vyote kwa ujumbe mmoja. Na barua pepe isije tupu ikiwa na faili tu ndani. Faili lenyewe liitwe kwa jina lako, kwa sababu kwenye mashine yangu yako mengi yanayoitwa "sivii mpya mwisho kabisa".

Kusikiliza nako kuna ufundi wake. Ukipewa maagizo, yarudie kabla hujaondoka: "Kwa hiyo nakala mbili zifike Changamwe kabla ya saa sita, halisi ibaki hapa, sivyo?" Sekunde chache tu, na zimeniokolea safari nyingi za bodaboda.

Kuna watakaoona haya mambo madogo, kwamba kazi ni ujuzi, na ujuzi ni cheti. David Deming, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 2017 hesabu za soko la ajira la Marekani. Kati ya 1980 na 2012, sehemu ya ajira zinazodai kushughulika sana na watu iliongezeka kwa karibu pointi 12 za asilimia katika ajira zote. Zile zenye hesabu nyingi na maingiliano machache na watu, zikiwemo za kisayansi, sehemu yake ilipungua. Anayefaidi zaidi ni aliye na vyote viwili. Sababu anayoitoa naielewa vizuri: kompyuta inajifunza haraka kazi yenye kanuni, lakini watu wanaogawana kazi wanahitaji kuelewana, na hilo mashine hailifanyi vizuri. Marekani si Mombasa, najua. Ila ofisini kwangu mifumo ya forodha imeshameza kazi nyingi za kunakili. Kilichobaki kwa binadamu ni kupiga simu, kuuliza, kusuluhisha, na kumtuliza mteja ambaye mzigo wake umekwama. Bandari yetu ilipitisha makontena kama milioni 2 mwaka 2024, kwa hesabu ya futi ishirini, na mengi yana mtu nyuma yake anayetaka kujua yako wapi. Wengi wa watu hao, dereva wa lori la Kampala, mfanyabiashara wa Goma, wakala wa Kigali, wanataka kuelezwa kwa Kiswahili. Hapo yule mtoto wa Likoni aliyejidharau kwenye mahojiano ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani.

Mnaosomea kazi za hoteli sina haja ya kuwahubiria; nyinyi mgeni akinuna kidogo mnaletewa malalamiko kabla ya chakula cha mchana.

Tuje kwenye mahojiano. Nauliza, tuambie habari zako. Najibiwa: mimi ni mchapa kazi, najituma, naweza kufanya kazi na wenzangu, navumilia shinikizo. Wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa sita hivyo. Siku moja msichana mmoja alisema yote hayo, nikachoka, nikamuuliza, na wikendi unafanya nini? Akasema, kwa aibu kidogo, kwamba anamsaidia mamake kuuza nyanya soko la Kongowea. Nikamwambia endelea. Kumbe ndiye anayeshika daftari la madeni. Ndiye anayempigia simu mwenye lori usiku kuuliza mzigo umefika wapi. Mteja wa hoteli akidai nyanya zilioza, ni yeye anayekwenda kuzungumza naye, na mteja anarudi. Nikatazama sivii yake: hakuna hata neno moja la Kongowea. Kuna "kusoma na kusafiri" kwenye mambo anayopenda.

Hilo ndilo ninalolitaka mahojianoni, kitu ulichokifanya, na nani alikuwepo, na kiliishaje. Ualimu wa madrasa ni kitu. Kuweka hesabu za chama cha kina mama ni kitu. Kupanga safari ya timu ya mtaa kwenda Malindi, kukusanya nauli za watu ishirini na kurudi bila ugomvi, hicho ni kitu kikubwa kuliko mnavyojua.

Na kujifunza kujieleza kunalipa. Addis Ababa watafiti waliwagawa vijana wanaotafuta kazi kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa warsha ya kuandaa maombi ya kazi na kujieleza, pamoja na cheti cha stadi zao. Jingine lilipewa nauli ya kuzungukia kazi. Baada ya miaka minne waliopata warsha walikuwa na mapato ya juu kwa karibu asilimia 20 kuliko ambao hawakupata chochote. Kwa waliopewa nauli, faida ilikuwa imeshakwisha. Isiwe kisingizio kwa waajiri wenzangu, jamani: mwanagenzi mlipeni nauli. Kumwita mtoto kutoka Mtwapa kila siku, umtumikishe miezi mitatu bila hata nauli ya matatu, halafu ulalamike kwamba "vijana wa siku hizi hawana ari", huo si uungwana.

Mtaniambia, Mama, maneno mazuri, lakini kazi hapa ni kujuana. Sitabisha sana. Pwani tuna malalamiko ya miaka mingi kuhusu ajira za bandarini, na sidhani ni ya bure. Ziko nafasi zinazouzwa, na hakuna ufasaha wa kinywa utakaoitibu rushwa. Wahitimu pia ni wengi kuliko nafasi, na hilo ni la serikali na la sisi wafanyabiashara kujibu, msibebeshwe nyinyi peke yenu.

Ila kuna kujuana kwingine ambako si kwa mjomba. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwachunguza wafanyakazi wa eneo la Boston waliopata kazi kupitia watu, akatoa matokeo 1973. Chini ya mmoja kati ya watano alisaidiwa na mtu anayeonana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana mara mojamoja, au mara chache sana. Rafiki yako wa barzani anajua nafasi zilezile unazozijua wewe, yaani hakuna. Anayejua nyingine ni yule mliyekutana naye kwenye hitima, au mwalimu wako wa zamani, au mama aliyekaa pembeni yako harusini. Na huyo mama atakuuliza, kwa sababu kina mama wa hapa lazima waulize: siku hizi wafanya nini, mwanangu? Mnamjibuje? "Tupo tu." "Twasukuma tu, Mama." Mlango umefunguliwa, mmeurudishia. Mwambie: "Nimemaliza diploma ya uchukuzi, natafuta kazi ya hati za forodha, na nilikuwa miezi mitatu kwenye ghala la Miritini." Ana shemeji. Kila mtu Mombasa ana shemeji.

Wasichana nawaomba mnisikilize zaidi hapa mwishoni. Afrika Kusini watafiti walijaribu jambo jepesi: waliwahimiza wanaotafuta kazi waombe barua fupi ya kuwaelezea kutoka kwa waajiri wao wa zamani. Maombi yaliyoambatishwa barua hiyo yaliitikiwa na waajiri zaidi kwa kiasi cha asilimia 60. Na kwa wanawake waliopata barua, kiwango cha kuajiriwa kiliongezeka maradufu. Hapa kwetu ninavyoona, kijana wa kiume mara nyingi ana mtu wa kumsemea kwenye barza. Msichana mwenye kazi nzuri zaidi anaondoka kimya siku ya mwisho, anasema asanteni kwa yote, na hakuna karatasi mkononi.

Kwa hiyo mnaomaliza atachimenti mwezi wa nane, barua iombeni wiki mbili kabla, wakati msimamizi bado anakuona kila asubuhi. Usiombe "barua tu". Mpelekee karatasi uliyoorodhesha ulichofanya: hati gani ulizishughulikia, wateja gani ulizungumza nao, hitilafu gani uliigundua ukaisema. Yeye ana shughuli zake. Ukimpa pa kuanzia ataandika, usipompa atakwambia kesho. Akikwambia kesho, kesho nenda, saa mbili kamili, kabla simu hazijaanza kulia.